Bastola Iliyonuka Mawese

Bastola ya mjukuu wangu ilikuwa fupi kuliko samaki mkavu wa mgebuka. Alipoitoa kwenye boksi na kuiweka juu ya meza nilicheka mpaka nikakohoa. Nilitegemea kitu cha maana, kitu cha kuning'inia begani kama bunduki za wale askari waliokuwa wakisindikiza magari enzi zile njia ya Kasulu ilipokuwa haipitiki hivi hivi. Hiki kiliingia kwenye pochi na nafasi ya leso ikabaki.

"Hiki ndicho cha kuulia watu?" nikamwuliza.

"Si cha kuulia mtu, Bibi. Ni cha kunifikisha."

Nikaacha kucheka, maana baba yake hakufika. Baba yake alikuwa mwanangu wa kwanza. Alinunua maharage huku kwetu Busunzu, akapakia, akaondoka asubuhi kwenda kuuza Kasulu, na njiani wakamtoa ndani ya gari wakampiga risasi ya shingo. Nilimwosha mwenyewe. Shingo ya mtu niliyemfunda kushika kijiko niliifunga kwa kanga ili kichwa kisiyumbe. Mama yake huyu binti alikuwa ameshaolewa kwingine, kwa hiyo mtoto akabaki kwangu. Nikamlea kwa chikichi. Nilichemsha, nikatwanga, nikakamua mawese, nikauza, akasoma. Mimi sikusoma kupita kujua kuandika jina langu na kusoma Biblia kwa kidole, na haya ninayoyaandika sasa ameyanyoosha yeye herufi. Maneno ni yangu.

Akakua, akashika kazi ile ile ya baba yake. Maharage. Nilimkatalia, nikalia, nikamwambia kuna kazi ya kushona, kuna kazi ya saluni. Akaniambia, "Bibi, mimi nywele za watu zinanichosha." Akanunua gari la kuchakaa, akamweka dereva, akaanza kupeleka mzigo Kasulu, mara nyingine mpaka Manyovu mpakani, ambako wanunuzi wanalipa kwa pesa ya hapa na ya kule. Kijiji kizima hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa na gari. Nikipita sokoni nilikuwa nainua kidevu. Sioni aibu kusema.

Na hofu ikawa inalala na mimi kitanda kimoja. Kila akiondoka nilikuwa nakaa na masikio yangu barabarani. Huku kwetu gari likitekwa, kabla hata damu haijakauka watu wameshasema ni watu wa ng'ambo, yaani wakimbizi wa Burundi. Kambi yao ya Mtabila imefungwa siku nyingi, wenyewe wamerudi kwao, waliobaki ni raia wanaolima na kulipa michango ya shule kama sisi, lakini bado wimbo ni ule ule. Mimi niliuimba pia.

Kibali cha silaha alikifuata mpaka viatu vikaisha soli. Kijiji, kata, wilaya, polisi. Wakamwuliza kwa nini mwanamke. Akawajibu kwa sababu majambazi hawaulizi. Wakampa.

*

Mtu wa kumfundisha alikuwa mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, jirani yetu wa kilimani. Kwa ruhusa ya polisi alimpeleka kwenye shimo la kokoto, mahali palipochimbwa mpaka pakawa na ukuta wa udongo wa kuzuia risasi. Nilikwenda nao. Nani angenizuia?

Asubuhi ile ilikuwa ya Juni, baridi inauma mifupa. Wagonga kokoto waliacha nyundo zao wakasogea nyuma yetu kutazama. Kati yao alikuwepo kijana mmoja ninayemjua vizuri, mtoto wa mwenzangu wa kinu. Niseme huyo mwenzangu ni nani. Kinu cha chikichi ni kikubwa, kinatwangwa na watu wawili, huyu akiinua mchi huyu anashusha. Kinu ni changu, mimi nina mchi wangu na yeye ana mchi wake, na tumetwanga pamoja tangu watoto wetu wanatambaa. Huyu kijana wake nimemlisha ugali nyumbani kwangu mara zisizo na hesabu. Alikuwa na mke na kichanga, na kazi yake ilikuwa kuvunja mawe yasiyoisha.

Mjukuu wangu akasimama, akanyoosha mikono, akafyatua. Paa! Udongo ukaruka. Nikapiga kigelegele. Akavuta tena. Kimya. Akavuta. Kimya.

Mzee akaichukua, akaigeuza ubavu. Risasi ya pili ilikuwa imetoka kwenye magazini, yaani kile kisanduku kinachoingia kwenye mpini, lakini haikuingia ndani. Imeinamisha pua, imebanwa katikati, na kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na kwenda mbele kimesimama nusu ya safari.

"Imekwama," mzee akasema.

"Dada, ipige mgongoni!" yule kijana wa mwenzangu akapaza sauti. "Labda imepaliwa!"

Wakacheka wote. Mzee akaikwamua, akaiweka sawa, akampa. Paa. Kimya. Paa. Kimya.

"Ina kigugumizi!" kijana akasema. "P-p-p-paa!"

Mpaka mama mmoja mwenye nyundo akakaa chini kwa kucheka. Jina likashika hapo hapo. Kigugumizi. Jioni yake nilisikia watoto wanaliimba kisimani.

Mzee alisema kosa ni la mkono. Kwamba bastola ndogo ni nyepesi, inataka kushikwa kwa nguvu, mkono ukilegea kile chuma hakirudi nyuma vya kutosha, na risasi inayofuata haipati njia. Akasema wanawake huwa na tatizo hilo.

"Tatizo lipi?" nikamwuliza.

"Viganja, Mama. Vinalegea."

"Baba, mkono huo umetwanga chikichi tangu una meno ya utoto. Njoo nyumbani utwange naye, tuone nani atalegea. Hebu shika wewe tuone."

Akashika yeye. Mkono wa jeshi. Paa. Kimya. Wagonga kokoto wakapiga makofi, na mzee hakusema tena habari ya viganja.

Akaanza kuitafuta shida kama mganga anayebonyeza tumbo, hapa panauma, hapa je? Akapunguza risasi kwenye magazini, kwa kuwa magazini mpya springi yake ni ngumu na ukiijaza pomoni inabana. Ikakwama. Akaweka ile magazini ya pili iliyokuja kwenye boksi, ili ajue kama ubovu ni wa kisanduku au wa bastola. Ikakwama. Akazikagua risasi moja moja, akaona nyingine zimefanya kutu ya kijani, akamwambia hizi usizitumie, tafuta mpya. Zilipopatikana mpya tukarudi kule shimoni, safari hii jua la saa nane linachoma utosi. Paa, paa, paa, paa. Hakuna iliyokwama hata moja. Mjukuu wangu akanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka.

"Zilikuwa risasi," mzee akasema, kifua mbele.

Tukalala usingizi mzuri. Asubuhi iliyofuata mjukuu wangu akasema ngoja niijaribu tena kabla sijaanza safari, asubuhi ndiyo saa yangu ya kuwa njiani. Wakaenda na mzee mapema, wagonga kokoto ndio wanafika na ukungu haujaondoka. Risasi zile zile mpya. Ikakwama tangu ya pili.

"Mama mchuuzi!" nikaambiwa yule kijana alimwita. "Waambie majambazi waje baada ya chakula cha mchana!"

Mjukuu wangu alirudi uso umekauka. Akaiweka juu ya meza akaitazama kama mtu anayetazama mtoto asiyetembea. Akasema, "Bibi, nikiitoa njiani halafu ikakwama, wataniua kwa hasira. Afadhali nisiwe nayo kabisa." Nikaona shingo ya baba yake. Sikula siku hiyo.

*

Mzee hakuwa mtu wa kushindwa na chuma. Siku ya pili yake alikuja nyumbani asubuhi, nikampa uji akakataa sukari, akatandika gunia sakafuni karibu na jiko akaanza kuifungua ile bastola kipande kwa kipande. Akaomba kitambaa cheupe. Nikampa kipande cha kilemba changu cha zamani cha kanisani. Akakipitisha ndani, kwenye ile njia ndogo ambayo risasi huteremka kuingia. Kikatoka na rangi ya chungwa.

Akakinusa. Akaninyooshea.

"Bibi," akasema, na huyu mzee hakuwahi kuniita Bibi kabla ya hapo, alikuwa anatafuta utani, "hii mnaifyatua au mnaikaanga?"

Yalikuwa mawese. Mawese yangu, ninayatambua kwa harufu hata yakiwa kwenye nguo ya mgeni.

Basi mjukuu wangu akaeleza bila hata kuona ubaya. Aliambiwa bastola mpya ikae na mafuta kidogo isishike kutu. Akaipaka. Angeipaka nini? Katika nyumba yangu bawaba za mlango zinapakwa mawese, mnyororo wa baiskeli, panga baada ya kulima, cherehani, magoti ya watoto. Amekua anaona hivyo. Kila mtu huku anafanya hivyo. Alikuwa anapaka kila jioni, kwa upendo, ndani na nje na kwenye springi za zile magazini, na kadiri ilivyokwama ndivyo alivyoongeza.

Mzee akatazama chupa yangu iliyokaa pembeni ya mafiga. Kila asubuhi ya kiangazi naisogeza motoni kwanza, kwani mawese kwenye baridi yetu yanaganda kama sabuni, hayamiminiki mpaka yapate joto. Chupa ilikuwa imeganda nusu. Akaichukua, akaipindua chini juu. Hakikudondoka kitu.

"Ndiyo hii," akasema. "Mchana yanayeyuka, bastola inakimbia. Asubuhi yanaganda, na vumbi la njiani limo humo humo. Chuma kinatembea kwenye matope. Risasi inachelewa kupanda, mlango unaifungia usoni."

Mjukuu wangu akajiziba mdomo akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Niliona kama mawese yangu yametukanwa.

Aliviosha vile vyuma kwa mafuta ya taa, kwa mswaki wa zamani, akavifuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Springi za magazini nazo akazitoa, akazisafisha. Akatia tone dogo la mafuta ya bunduki aliyokuwa nayo kwenye kichupa, akasema basi, linatosha, kavu kidogo ni bora kuliko kulowa. Akamwambia pia aizoeze, bastola mpya ni kama kiatu kipya, springi zake hulegea kwa kutumika.

Hatukurudi shimo la kokoto. Mzee alituchukua nyuma ya kilima chake, ukungu bado uko kwenye majani, mikono inakufa ganzi. Mjukuu wangu akafyatua mpaka magazini ikaisha. Akaijaza akafyatua tena. Risasi zilipanda moja baada ya nyingine bila kuulizwa. Nilikaa kwenye jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile niliyomwosha mwanangu sikuiogopa barabara.

"Mtu yeyote asijue," mzee akasema. "Waache waendelee kuiita Kigugumizi. Anayekuja kwako akidhani huna meno, usimfungulie mdomo mapema."

Nikaona ni maneno ya akili. Kwenye kinu mwenzangu alikuwa akinitania, "Na yule Kigugumizi wa mjukuu wako anaendeleaje?" Mchi juu, mchi chini. Nilikuwa nacheka naye. Sikusema neno.

*

Maharage yalipovunwa gari likajaa, na mimi nikapanda siku ile kwa sababu nilikuwa na madumu ya mawese ya kuuza Kasulu. Tulikaa watatu mbele: dereva, mimi katikati na blanketi miguuni, mjukuu wangu mlangoni. Tuliondoka kumeanza kupambazuka. Nilikuwa nasinzia.

Gari likafunga breki nikagonga kichwa. Gogo limelala barabarani. Kabla dereva hajarudi nyuma, watu wakatoka porini pande zote mbili, nguo zimefungwa usoni. Mmoja akapasua kioo cha dereva kwa panga, akamvuta shati. Mwingine akaja upande wetu. Akafungua mlango kwa nguvu.

"Toa pesa! Na Kigugumizi chako pia kitoe, tukisikie!"

Sauti ile niliijua hata kabla neno halijaisha. Nilijua, na ulimi wangu haukutoka. Upande wa pili dereva alipiga yowe, panga limemshukia bega, na damu ikanirukia shavuni. Huyu wa kwetu naye akainua lake juu ya kichwa cha mjukuu wangu. Alikuwa anacheka. Nasema alikuwa anacheka, nilimsikia ndani ya kile kitambaa.

Asubuhi ya baridi. Ukungu. Saa ile ile ambayo ilikuwa inakwama.

Ya kwanza ilitoka. Ya pili ikapanda yenyewe, ikatoka. Akaanguka chali kwenye majani. Wenzake walikimbia wakiacha hata panga lililokuwa begani kwa dereva.

Nilishuka. Sijui niliruka vipi na magoti haya. Kitambaa kilikuwa kimeteremka shingoni. Macho yake yalikuwa wazi, yananitafuta.

"Bibi," akasema, "ni mimi."

Kana kwamba kulikuwa na makosa. Kana kwamba angetaja mapema tungemkaribisha ndani. Nikamshika kichwa. Nikakishikilia kisiyumbe, mikono yangu ilijua kazi hiyo. Nyuma yangu mjukuu wangu alikuwa bado amenyoosha mikono, ile bastola inatoa moshi mdogo kama wa mshumaa uliozimwa, na alikuwa anauliza tu, "Bibi, ni nani? Bibi, ni nani?"

Nikamwambia.

*

Polisi walimhoji, wakaona bega la dereva, wakaona gogo, wakaona kibali. Wakamwambia arudi nyumbani. Hakuna aliyesema amekosea. Mtu wa polisi alimsifu hata, akasema laiti wafanyabiashara wote wangekuwa hivyo. Mjukuu wangu aliinama akatapika kwenye ua wa kituo.

Safari hii hakuna aliyesema ni watu wa ng'ambo.

Nilikwenda msibani. Wakaniambia nisiende, nikaenda, huyu mama nimetwanga naye maisha yangu yote. Nilibeba kuni kama kila jirani. Nikaziweka pale zinapowekwa. Wanawake waliokaa kwenye mkeka hawakunifukuza. Hawakusogea tu. Nikasimama pembeni mpaka miguu ikavimba, nikarudi. Kile kichanga kilikuwa kinalia ndani, kinabembelezwa na mtu asiyejua kubembeleza.

Mjukuu wangu alirudisha bastola polisi na kuuza gari. Anashona. Usiku anaosha mikono kwa mafuta ya taa, namwona, simwambii kitu. Nikimtazama pale kwenye cherehani, shingo yake nzima, inageuka kushoto na kulia, namshukuru Mungu kwa sauti, na sitaomba radhi kwa hilo mbele ya mtu yeyote. Angekuwa amekwisha. Ningeosha shingo ya pili.

Mwenzangu alikuja maombolezo yalipokwisha. Nilikuwa uani, chikichi nimeshachemsha, nimeshindwa kutwanga, maana kinu kile mtu mmoja hakimtoshi. Nilipomwona nilifikiri amekuja kunipiga. Ningekaa nipigwe. Alisimama upande wake wa kinu, pale pale anaposimama siku zote.

"Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha, kama asubuhi nyingine yoyote.

Nikamwitikia.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Si watu wote walisema haifyatui?"

"Ilikuwa haifyatui."

"Mwanangu alisema haifyatui. Alikuja kuniigizia hapo jikoni, p-p-p-paa, tukacheka mimi na mkewe. Mchana ndiyo inafyatua, alisema. Asubuhi haiwezi."

"Tuliitengeneza," nikasema.

"Lini?"

"Kabla ya mavuno."

Akafikiri. Nilimwona anahesabu asubuhi zote tulizotwanga kati ya siku ile na siku ile, na kila mara aliponiuliza kwa utani, na kila mara nilipocheka.

"Ilikuwa na nini?" akauliza.

"Mawese," nikamwambia. "Alikuwa anaipaka mawese. Yaliganda."

Alitazama ndani ya kinu, kwenye zile chikichi nyekundu zinazotoa mvuke. Tuliyakamua pamoja mawese yale. Mikono yake na mikono yangu.

Kinu ni changu. Mchi ule mmoja ulikuwa wake. Aliuchukua, akauweka begani, akaenda nao.